Siku Niliyomshinda Mama Masanja kwa Miguu ya Watu

Somanda, Bariadi, Jumamosi jioni. Kutwa jua kali na upepo wa vumbi, ule wa msimu wa pamba, unaoingia mpaka kwenye ndoo ya unga hata ukiifunika. Nimefagia, nikafagia tena, nikaacha. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba na simu yangu, nawaandikia.

Nina wivu.

Afadhali nilitoe mapema, maana mimi neno likinikaa tumboni halinyamazi. Namwonea wivu Mama Masanja, jirani yangu, tunatenganishwa na ua wa minyaa tu. Na ajabu yake, leo leo hii nimemshinda mbele ya watu wote. Sasa mshindi anaona wivu wa nini? Ngoja nisimulie.

Zamani redio ilikuwa ile moja ya serikali. Inaongea huko Dar es Salaam, inakuambia waziri kasafiri, lakini haikuambii nani kafiwa Somanda. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Mtu akifa, alfajiri wananigongea mimi, na kabla uji haujaiva mpaka sokoni wameshajua. Ng'ombe kapotea, mimi. Binti kaposwa, mimi. Shule niliishia la tatu, lakini kwa habari sijaona wa kunifundisha.

Halafu mambo yakawa ruksa. Pamba ikawa inanunuliwa na kila mwenye mizani, na redio nazo zikawa za kila mji. Bariadi nasi tukapata yetu, redio ya jamii. Wanasema ni ya wananchi wenyewe: unatoa kiingilio kidogo, unapewa kadi, unakuwa mwanachama, unasema unataka vipindi gani. Mimi nilijiunga mapema kabisa. Mama Masanja alikuja baadaye, taratibu, na khanga yake iliyochuja, kama mtu anayeomba chumvi.

Basi tangu hapo watu wanapeleka matangazo yao kwake. Sijui nani aliwatuma. Mtu anapita mlangoni kwangu, "mwadila mayu", naitikia vizuri, nanyanyuka nikijua ana jambo, kumbe ni salamu tu. Huyoo, kwa Mama Masanja. Anayapokea, anayapeleka kituoni, jioni yanasomwa. Mimi nasikia msiba wa jirani yangu redioni, kama mtu anayekaa mbali huko Mwanhuzi.

Na siku moja wakamwita mwenyewe kwenye kipindi cha akina mama. Nilikuwa nachambua choroko, namsimulia mume wangu, Baba Kabula, mambo ya harusi moja huko njia ya Maswa, na nilikuwa nimefika pazuri. Akainua mkono.

"Nyamaza kidogo. Mama Masanja anaongea."

Akaongeza sauti. Tangu anioe, sijamwona akiongeza sauti ya kitu chochote ili anisikie mimi.

Basi leo. Gari la redio limekuja uwanja wa shule na spika juu, kuandikisha wanachama wapya na kuchagua mwakilishi wetu. Mwakilishi ndiye anapokea matangazo ya watu, anapewa fulana ya redio, na kila wiki anasema hewani. Mratibu wao, anaitwa Deus, mwenye sauti ya kusoma habari hata akiomba maji, akauliza nani anataka. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Mama Masanja hakusimama, alisimamishwa. Akina mama wa kwaya ndio walimvuta mkono. Hilo nalo liliniuma. Mimi nimejisimamisha, mwenzangu kasimamishwa.

Deus alitaka watu wanyooshe mikono. Mwenyekiti wa mtaa akakataa. Akasema mikono inaleta chuki, mtu atakumbuka shemeji yake alinyoosha kwa nani mpaka siku ya kuzikana. Akasema tufanye kama ngoma zetu, kama Wagika na Wagalu wanaposhindana: hawa wanacheza huku, wale wanacheza kule, uwanja mmoja, wakati mmoja, na watu wanakwenda kunakowavuta. Atakayebaki na watu ndiye kashinda. Deus akacheka, akasema semina waliyopewa haikuwa na kitu hicho, lakini sawa.

Moyoni nikasema nimepata. Kuvuta watu ndiyo kitu pekee nilichopewa na Mungu bila kuomba.

Nikapewa goli la huku, yeye goli la kule. Nikaanza na nyepesi. Nikawasimulia Baba Kabula alivyokwenda mnadani kuuza beberu, akashinda huko, akarudi na beberu yule yule na mwavuli. Wakacheka, wakasogea. Nikawapa ya mwinjilisti na nyuki waliohamia kwenye mimbari. Wakaja wengine, mpaka na wauza miwa.

Lakini kule kundi halipungui. Na yule hasimulii kitu! Kakaa juu ya jiwe, mtu anainama anamwambia neno, anaitikia kwa kichwa, anakuja mwingine. Kuna bibi alikuwa analia pale, kamshika mkono, na watu wamesimama kimya kama wako ibadani. Mimi watu hawalii kwangu. Kwangu wanacheka, wanajifuta midomo, wanaondoka.

Nikamwona Baba Kabula kasimama katikati ya uwanja, hayuko huku wala kule, anaangalia viatu vyake.

Hapo wivu ukanipanda mpaka kwenye meno. Nikasema sasa natoa ya ndani.

Nikatoa ya Kabula, binti yangu, na yule mchumba wake wa Maswa.

Siirudii hapa. Mliokuwepo mliisikia, wa mbali mtanisamehe. Itoshe tu kwamba wajomba wa kijana walikuja, ng'ombe wakatajwa, wali ukapikwa, halafu wakaondoka na hawakurudi tena, na sababu yake ilikuwa inajulikana ndani ya nyumba yangu tu. Niliisema. Niliwaigiza wale wajomba mmoja mmoja wanavyotafuta kofia zao. Niliigiza na Kabula alivyolia.

Uwanja ukahama.

Ulihama wote, kama maji ukiinamisha sinia. Kina mama wa kwaya wamekuja wameshikana mabega kwa kucheka. Kule akabaki Mama Masanja na yule bibi, bado kamshika mkono. Hata hakugeuka kuangalia watu wake wanakokwenda. Mwenyekiti akanyanyua mkono wangu juu, Deus akanivisha fulana juu ya gauni, inanibana kifuani lakini nikaivaa, vigelegele vikapigwa. Nikasema asante, wabeja, wabeja sana, huku natafuta kwa macho nimwonyeshe Kabula.

Kabula alikuwa anauza maandazi karibu na lile gari. Beseni lipo, limefunikwa vizuri. Mwenyewe hayupo.

Na hata hapo sikuelewa, nasema kweli. Nilidhani kaenda kuchota maji.

Nikarudi nyumbani na fulana yangu. Nikatandika mkeka barazani, nikaweka vigoda, maana mwakilishi ni lazima awe na pa kukalisha watu. Nikabandika na chai. Nikasubiri. Wakapita wawili, wakanisifu, wakasema leo mama umetuua mbavu, wakaendelea na safari. Akapita yule bibi aliyekuwa analia. Alinisalimia kwa heshima zote. Kisha akakata kona kwenye ua wa minyaa.

Mwenyekiti kanipa mimi kazi, watu hawana habari.

Nikanyanyuka nikachungulia. Siyo tabia nzuri lakini ua ni wangu pia. Nikaona bibi kapewa kigoda. Nikamwona Mama Masanja kakaa kwenye mkeka, kanyoosha miguu. Na kwenye mapaja yake kuna mtu kalaza kichwa, kajifunika khanga, mabega yanacheza. Ile khanga naijua. Niliinunua mimi.

Mtoto niliyembeba tumboni mwangu analilia kwenye mapaja ya jirani.

Sikumbuki nilivyozunguka ua. Kabula alisikia ndala zangu, akanyanyuka akaingia ndani bila kuniangalia. Bibi akaaga. Nikabaki nimesimama na fulana yangu imenibana, nikamuuliza Mama Masanja mwanangu kamwambia nini. Hakunikasirikia. Angenikasirikia ningejua la kufanya, ugomvi nauweza.

"Aliyoniambia ni ya kwake, Mama Kabula. Akitaka uyajue atakuambia."

"Mimi ndiye mama yake."

"Najua. Nimemwambia arudi kwako."

"Akasemaje?"

Akawa anakung'uta mkeka ambao haukuwa na kitu.

"Kasema atarudi ukishalala."

Nimerudi kwangu nimeinamisha kichwa, nikaivua fulana kwa shida, ikakwama masikioni, nikaitupa kwenye kiti. Baba Kabula karudi pia, kakaa upande wa barabara, na redio yake kaizima. Jumamosi jioni huwa haizimi. Nilimpelekea chai, akaipokea, akasema imeiva.

Wivu wa fulana unaisha ukipata fulana. Huu wa sasa dawa yake siijui. Nimekaa hapa najiuliza yule mama anafanyaje. Masikio yake ni kama yangu, mtaa ni mmoja, habari tunazosikia ni zile zile. Kumbe zikifika kwake zinakaa. Kwangu zinapita tu, kama upepo huu wa vumbi, na leo zimepita na mwanangu.

Nilitaka leo niandike jinsi nilivyoshinda. Nilikuwa nimeshapanga na maneno.

Na jambo lingine. Nafikiri najua Kabula kamwambia nini. Mimi ni mama, na nina macho, wiki hii nimeona jambo na jambo lingine, nikiyaweka pamoja yanatoa picha. Siku nyingine ningekuwa nyumba ya tatu sasa hivi, nimeshashika kikombe cha mtu. Vidole vinaniwasha hapa kwenye simu.

Siandiki.

Nimeiweka simu chini, nimeiokota tena, lakini siandiki. Na mkinikuta sokoni msiniulize, maana najijua, mkinibembeleza kidogo nitasema.

Kabula ndiye aliyenifungulia blogu hii, akanionyesha pa kubonyeza. Huwa anasoma. Akisoma na hii sawa, asipoisoma sawa.

Ya Mama Masanja na matangazo tutayazungumza na mwenyekiti, leo siyawezi. Nimeweka wali wa Kabula kwenye bakuli, nimeufunika. Komeo sikulifunga. Nitageukia ukutani nifumbe macho, na mlango ukilia sitauliza unatoka wapi, sitauliza umekula, sitauliza kitu. Nikimsikia analia chumbani, je, nitaweza kukaa kimya mpaka asubuhi?

Jua bado liko juu ya mabati ya watu. Kuku hawajaingia bandani. Nami naingia kulala, ili mwanangu arudi nyumbani.