Kura ya Mjomba

Kimamba, Kilosa
Desemba 2024

Dada Bernadetha, shikamoo.

Mvua imefika, goti langu lilinijulisha siku mbili kabla. Mwanao Dotto ni mzima, ingawa alikosa uenyekiti wa kitongoji kwa kura moja.

Huku watu hupiga kura kama wanavyooana: wakulima kwa mkulima, sisi wafugaji tuliotoka Magu kwa mfugaji. Wazee wetu waliniuliza, "Utamtupa mpwa wako?" Nikasema hapana.

Lakini aliyeshindana naye ni Mwinshehe, jirani mkulima aliyechimba kaburi la mke wangu wiki ileile ng'ombe wetu walipomaliza mahindi yake. Siku ya kura alinikuta njiani, akacheka. "Mzee Casmir, mpe kura mpwa wako. Usije ukakosa maziwa kwa ajili yangu."

Kwa maneno hayo kura yangu nikampa yeye Mwinshehe.

Dotto bado ananiletea maziwa kila asubuhi. "Shikamoo, mjomba." Naitikia marahaba huku nikitazama kikombe.

Kesho nitamwambia kabla sijakipokea. Nimeanza na wewe kwa kuwa ndiwe uliyemzaa. Akiondoka na maziwa yake, dada, usimgombeze.

Mdogo wako aliye mbali,
Casmir