Keki ya Ghorofa

Dada Neema, poleni na mvua za Njombe! Huku Mtwara joto limepinda mishumaa ya Krismasi kabla hatujaiwasha.

Jana nilijigamba mbele ya wakwe: keki yetu, iliyopambwa korosho juu, ningeikata mara tatu tu tupate vipande vinane. Nikakata msalaba, kisha nikapitisha kisu ubavuni, kikatenga juu na chini. Vinane! Vigelegele.

Shemeji Rehema akachungulia. "Shemeji, hesabu imetoka, ila korosho zote zimebaki ghorofani!"

Mama mkwe akaamua, "Mkataji huchukua mwisho."

Nikaambulia ghorofa ya chini, kavu. Mimi, niliyezikaanga korosho zenyewe! Tulicheka mpaka keki ikanipalia.

Krismasi njema, dada yangu. Yenu ikateni kutoka juu, na mnibakizie kipande chenye paa.

Kaka yako, Joseph