Jasho la Ukweni

Jumamosi, Buzebazeba

Niliazima koti zito la mjomba! Ndilo nililovaa leo kwenda Simbo kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Anitha. Jua kali, ugali wa moto, pilipili. Mwili ukafanya kazi yake: ukamwaga jasho ili upoe.

Mama mkwe akashtuka. "Pole, baba, una malaria!" Akanifunika blanketi, akaniletea chai ya tangawizi.

Ukweni mtu havui koti, wala hakatai chai. Nikanywa. Jasho likazidi.

"Homa hiyo inatoka," akasema kwa furaha, akaongeza blanketi.

Sasa hivi Anitha amepiga simu. Wamenikubali, ila harusi isubiri kwanza nipone, jasho likatike.

Nipone nini? Nikiacha kutoka jasho si ndiyo nimekufa?