Kibanja Kilichofutwa Pamoja na Jina Lako

Mwanangu Kokugonza,

Niwie radhi kwa ukimya huu tangu tulipokuzika. Kila nilipoanza barua, niliishia kusahihisha sentensi ya kwanza.

Leo sina budi. Programu uliyokitengenezea chama chetu cha kahawa hapa Muleba sasa iko mikononi mwa Josia, kijana wa Buhembe. Alipoondoa majina ya wanachama waliofariki, alifuta jina lako, na kibanja chetu, shamba letu la ukoo, kikafutika nalo. Nilipopeleka kahawa, karani alinitazama kwa haya. "Samahani, Mwalimu. Mashine inasema huna kibanja." Nikamwuliza kama kahawa ile niliichuma angani. Nikarudi nayo nyumbani.

Nilikumbuka siku ile nyumbani kwako Kibeta, ulipopanga mezani maharage yawe watu na punje za kahawa ziwe vibanja. Mtu mmoja ana vibanja vingi. Kibanja kimoja kina watu wengi. Kwa hiyo kati ya jedwali la watu na jedwali la vibanja huwekwa la tatu, na kila mstari wake huunganisha mtu mmoja na kibanja kimoja. "Mtu akifa, Mama, unafuta mistari yake tu. Kibanja hukigusi." Nilipokuomba urudie, ulicheka. "Leo wewe ndiye mwanafunzi. Kaa wima!"

Josia aliacha amri ya kufuta ivuke jedwali hilo hadi kwenye kibanja chenyewe. Nakala ya akiba ipo; anaweza kukirudisha. Lakini anataka kuliondoa jedwali la kati, ili kila kibanja kiwe na jina la mtu mmoja tu. "Ni rahisi zaidi, Mwalimu."

Rahisi kwa nani? Baba yako mdogo amekwisha kuniambia, "Shemeji, andikeni jina langu. Wewe utakaa tu, nani atakufukuza?" Jana alipigilia vigingi vya nyumba yake karibu na kaburi lako. Na la baba yako. Sikulala.

Kesho kamati inakutana. Wengi wanapenda urahisi. Nitakwenda na maharage yako na zile punje, nizipange mbele yao kama ulivyonipangia mimi, na sitaketi mpaka waelewe.

Mstari wako utafutwa, mwanangu. Hilo nimelikubali. Wangu ubaki.

Pumzika hapo ulipo, ndani ya kibanja ambacho mashine haikijui. Kamati ikishaamua nitakuandikia, hata kama itaninyima kibanja.

Mama yako