Doti ya Madoa

Alhamisi, Uru. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi.

Leo nimefanya ujinga ambao mwanafunzi wangu wa mwisho kabisa asingeufanya.

Asubuhi nilishuka Moshi, mtaa wa Njoro, kwa Mama Kundaeli, yule mjane anayeleta nguo kwa siri kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilichukua doti moja ya kanga. Aikande, binti yangu, anajifungua mwezi ujao, na duka la kijiji halijaona kanga tangu Pasaka. Mtoto atafungwa na nini, majani ya mgomba? Nikaifukia kapuni chini ya ndizi, nikapitiliza hadi kwenye darasa langu la kisomo cha watu wazima.

Somo lilikuwa majina ya rangi. Nikawaeleza kwamba kijani ni majani, kijivu ni majivu. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona miti na moto vimepewa rangi, wanyama wamenyimwa?" Darasa likacheka. Mimi sipendi kukosa jibu. Nikasema wanyama wamepewa nguo: kuna kitambaa cha miraba ambacho wazee walikiita kunguru, na kuna kanga. Inasimuliwa kwamba kanga za kwanza zilikuwa na madoa meupe kwenye weusi, kama manyoya ya ndege aitwaye kanga, ndipo akina mama wakazipa jina lake.

Nikaona hawaamini. Basi nikaivuta doti kapuni, nikaikunjua mbele yao wote. Madoa matupu, nzuri ajabu.

Mpya. Haijakatwa wala kupindwa.

Kwenye benchi la mbele alikuwa amekaa Mama Felista, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi. Wiki hii mumewe anapita na mgambo nyumba kwa nyumba kusaka walanguzi. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Wenzake walipotoka yeye alibaki. Akaipapasa ile kanga kwa vidole viwili.

"Mae, laini hii! Siyo ya viwanda vyetu. Nani kakuuzia, mwalimu?"

Ningeweza kusema nimeletewa na shemeji. Ningeweza kusema ni ya zamani, ilikuwa sandukuni. Uongo ulikuwepo tele.

Nikamtaja Mama Kundaeli.

Hakunitisha wala hakupaza sauti. Aliuliza tu, nami nikamtoa mwanamke mwenye watoto wanne ili macho yale yaniondokee. Labda Mama Felista alitaka ya kwake tu. Wanawake wote hapa wanataka kanga. Nimejiambia hivyo njia nzima, na haikunisaidia kitu.

Nimeketi dirishani. Kwa balozi ni pale chini, ng'ambo ya mfereji. Nilipoanza kuandika, baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta.

Sasa haipo.

Huenda amekwenda kilabuni kunywa mbege. Huenda anateremka Njoro. Nikikaa hapa sitajua, na Aikande ameshaniuliza mara mbili kwa nini sijilazi nipumzike. Gari la mwisho la Moshi limeshaondoka.

Naogopa sana. Naogopa kumkuta Mama Kundaeli amechukuliwa, na naogopa zaidi kumkuta yupo, maana nitalazimika kumwambia ni nani aliyemtaja.

Lakini miguu ninayo, na njia ni ya mteremko. Naenda.