Utepe wa Mshumaa Kiunoni mwa Mirsini

Bi Kaliroi mpendwa,

Nisaidie kwenye ukurasa wako wa ushauri gazetini, mwenzio nimekwama, na kwa kuwa shule niliishia darasa la sita utanisamehe mwandiko na maneno yanayokimbizana, maana nikituliza kalamu nitalia tena. Mimi ni mshonaji hapa Karditsa, nina miaka hamsini na miwili, mtoto wa tumbo langu sina lakini Mungu alinipa mmoja wa kisima cha ubatizo, Mirsini, binti wa jirani yangu Lemonia, sasa ana miaka tisa, ananiita nona, yaani mama wa ubatizo. Nilimpokea kutoka majini kwa mikono yangu hii, nikamkana shetani kwa niaba yake mbele ya watu, na tangu afikishe miaka minne kila Pasaka namnunulia mshumaa na mdoli aliyefungwa juu yake kwa utepe, wale wa nywele za dhahabu na miguu mirefu kama ya korongo, si ndio wanaojaa madukani Kwaresima nzima na si ndio kila mtoto anaowalilia. Na kwa kuwa nashona, kitambaa kimoja nakitoa magauni mawili, la Mirsini na la mdoli, wanakwenda kanisani siku ya Ufufuo kama mtu na pacha wake.

Dhambi yangu iko hapa. Kila mwaka gauni la zamani sina budi kulifumua mshono nilipanue, si anakua, na mimi nikiwa na pini mdomoni napenda utani, namwambia, "Haya bibi mkubwa, tumenenepa tena! Pacha wako hajanipa kazi hata siku moja." Na Lemonia naye anadakia, "Huyo kamrithi bibi yake mzaa baba, akikaa kiti kinalia." Tunacheka wote. Sasa nikikumbuka vizuri, mwaka jana Mirsini hakucheka, alimwangalia tu yule mdoli.

Kwaresima hii akasema anafunga. Si nyama na maziwa tu kama sisi, hata mafuta, hata halua ya ufuta ambayo zamani ukimwekea sahani hakibaki kitu, siku nyingine ni kipande cha mkate na zeituni tatu, anazihesabu. Mimi nikamtukuza Mungu. Nilimsimulia kila mteja aliyeingia, "Kitoto kile kinatushinda sisi wenye mvi!" Padri wetu akamsimamisha Jumapili mbele ya watu wote akasema igeni mfano huu, na Lemonia akalia kwa furaha. Ijumaa iliyofuata, kwenye ibada ya kumwimbia Mama wa Mungu, mtoto akayumba akashika kinara cha mishumaa. Tukasema ni ubani.

Juzi nikamwita nimpime gauni la Pasaka. Akapanda juu ya stuli, mikono juu, nikazungusha tepu, sikuamini, nikarudia. Sentimita saba pungufu ya kipimo cha Krismasi. Naye ananichungulia uso unang'aa kama mtu aliyefaulu mtihani: "Nona, leo hupanui, eti? Leo unapunguza?" Nikainua fulana yake. Kiunoni, juu ya ngozi, alikuwa amejifunga utepe wa mshumaa wa mwaka jana, ule wa waridi niliouchagua mimi mwenyewe, kwa fundo la kipepeo kama ninavyofunga mimi, umebana mpaka umeacha mfereji mwekundu.

"Mirsini, nini hiki, mwanangu?"

"Ni wa mdoli. Yeye alikaa nao ndani ya boksi na ana kiuno."

"Na kule kufunga? Si unamfungia Kristo?"

"Kristo naye mwembamba, nona. Pale msalabani mbavu zake zinahesabika."

Bi Kaliroi, nilikaa chini. Nikaufungua ule utepe, naye akanishika kidole akaanza kulia, "Usimwambie mama. Mama anafurahi hivi. Niapie kwa Mama wa Mungu." Nikaapa. Sijawahi kulitaja jina lile kwa jambo la bure, wala kuvunja kiapo nilichokiapa kwalo, lakini alikuwa analia na mimi nikaapa.

Sasa mdoli wa mwaka huu yuko kabatini kwangu, nimekwisha kumnunua, kila nikifuata uzi ananitabasamia. Nataka kumtia motoni, yeye na wale watano walioko kwa Mirsini, halafu najiuliza ni kosa lao au ni langu. Na cha kuniuma zaidi, mwaka huu mtoto hata hakuomba mdoli, aliomba mkasi wake mwenyewe ajifunze kushona, nikamwambia wewe mdogo, utajikata. Nikivunja kiapo namwogopa Mungu, na mtoto hataniamini tena maishani. Nikinyamaza, zimebaki wiki mbili na nusu mpaka Pasaka, na yeye anahesabu zeituni. Jana zilikuwa mbili. Nifanye nini? Ukichapisha badilisha majina yetu, mji wetu mdogo.

Mama wa ubatizo


Mama wa ubatizo,

Majina nimeyabadilisha, na mji pia. Barua yako nimeitanguliza mbele ya barua nyingine zote, na kabla ukurasa huu haujafika kiwanda cha uchapaji nilikwisha kukupigia simu kwa nambari uliyoandika nyuma ya bahasha. Ninayachapa niliyokuambia kwa sababu wewe si wa kwanza, umekuwa tu wa kwanza kusema.

Tuanze na kiapo. Mama wa Mungu, uliyeapa kwa jina lake, alimtafuta mwanawe Yerusalemu siku tatu, anauliza kila mtu, umemwona, umemwona? Unadhani ni yeye atakayekasirika ukimwambia mama mwenzake kwamba mwanao anapotea? Kwenda kuungama utakwenda, lakini kwa Lemonia kwanza. Na usimzunguke mtoto. Mwambie usoni: "Nilikosea kuapa. Naenda kumwambia mama, njoo tushikane mkono twende wote." Atakununia. Kubali. Mtoto anayenuna huku anakula ni nafuu kubwa.

Kisha daktari wa watoto, kesho asubuhi, si baada ya sikukuu. Mtoto anayeyumba kanisani na kuhesabu zeituni haponi kwa mahubiri, wala kwa supu ya nona, wala kwa ukurasa huu wangu. Na padri wenu, kwa mdomo uleule aliomsifia nao, amwambie kwamba kufunga kwake kumekwisha na hakuna anayemdai. Mtoto kashika mbavu za msalabani; hakuna aliyemsimulia zaidi? Yule Kristo alipofufuka akawatokea rafiki zake, aliwauliza kama wana chakula chochote. Wakampa samaki wa kuoka, akala mbele yao. Msomee hapo, polepole, mkiwa mezani.

Sasa mdoli. Mimi nilikuwa na mdoli wa matambara, kichwa soksi ya baba, na bado nilichukia pua yangu miaka kumi kwa sababu shangazi yangu alipenda kusema, "Pua hiyo itaingia chumbani, wewe utafuata." Sisemi mdoli wako ni malaika. Anamwonyesha mtoto kiuno kisicho na tumbo ndani yake, na uso usio na kazi nyingine ila kupendeza, na mtoto akilala naye kila siku ataamini ndivyo wanawake walivyo. Hapo ana lawama yake. Lakini mdoli hana mdomo, dada yangu. Mliomwazima mdomo ni wewe na Lemonia, kila mlipomsimamisha mtoto juu ya stuli mkampima naye mkacheka. Najua mlikuwa mnatania. Na sisi tulitaniwa hivyohivyo, ndiyo maana maneno yale yanatutoka hata bila kuyafikiria. Yaishie kwako.

Usichome kitu. Ukimchomea wenzake sita ataelewa jambo moja tu, kwamba amefanya la aibu. Daktari akikubali, na mtoto akishapata nguvu, fanya unachokijua. Mpimeni mdoli kwa tepu, wewe na yeye, halafu mkate karatasi ya gauni la mdoli, mkiikuza mpaka ifikie urefu wa Mirsini, muibandike ukutani. Wewe ni fundi, unajua itakavyotoka, kiuno chembamba kama shingo. Muulize tu, "Maini tuyaweke wapi hapa? Na yai la Pasaka je?" Halafu nyamaza, mwache acheke mwenyewe.

Yule wa kabatini mrudishe dukani. Juu ya mshumaa wa mwaka huu funga mkasi, ule mdogo wa ncha butu. Ulimnyima mkasi asijiumize, ukampa utepe.

Na kabla hujampima tena, toa pini mdomoni. Piga magoti mpaka macho yenu yalingane, umwombe msamaha kwa utani ule, kwa maneno machache, bila kujitetea. Gauni lake la Pasaka lishone na kitambaa cha akiba ndani ya mshono, vidole vinne kila upande, umwonyeshe kipo, na kwamba ni chake yeye atakapokua. Mwakani mkae pamoja mlifumue, yeye na mkasi wake. Piga ishara ya msalaba, useme kwa sauti asikie: "Ashukuriwe Mungu, mtoto wangu amekua."

Kaliroi