Bei ya Muguu wa Yakubu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Platre, ile plasta ya muguu tangu ajali ya piki, imetoka. Nilifikiri nitafurahi. Muguu ule wa kushoto! Mwembamba, ngozi inabanduka, sikujua niweke macho wapi. Bwana yangu, Baba Malaika, akaufunika mbio na kikwembe changu cha kujifunga. Yakubu wangu, motari wa kubeba watu na piki barabara ya Wamaza, mvua na jua — anafunika muguu mbele yangu, mimi bibi yake!

Infirmier Hervé, muuguzi wa hospitali, aliniita pembeni. Anasema mufupa umeshika vizuri, lakini goti liko linafunga. Lazima apige pedali kila siku, pole pole, miguu yote mbili. Asipopiga, goti litafunga kabisa na piki asahau. Hospitali haina mashini. Hapa mujini Kasongo anajua moja tu, ile kinga, baiskeli ya kusimama pahali pamoja, mu sale ya mazoezi ya Kamaldine, kule vijana wanajaza kifua.

Nililia njiani. Kisha nikanawa uso, nikarudi sokoni, samaki ilikuwa inaningoja.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeuliza abonema, ile ada ya mwezi ya kuingia sale. Kamaldine haoni haya! Hiyo ni bei ya watu wanaotoka na dhahabu Lusangi, si ya muuza samaki. Nikamwuliza, hata kwa muguu mmoja mugonjwa? Akacheka. Anasema kinga haijui kuhesabu miguu.

Baba Malaika anakaa mulangoni kutwa. Piki ikipita, anajua ni ya nani kwa sauti tu. Anataja jina la mwenyewe, anangoja ingine. Nimechoka na yale majina.

Ijumaa, 5 Septemba

Amekataa kwenda. Anasema hawezi kuvua suruali mbele ya watoto wenye mikono kama mapaja. Nikamwambia basi baki na suruali yako. Hakucheka. Zamani angecheka.

Kesho narudi kwa Kamaldine.

Jumamosi, 6 Septemba

Bei nimeishusha. Mungu wangu, afadhali ningekufa njiani.

Nilifanya vile tunafanya na wamama wanaoleta samaki toka Nyangwe. Kitu unachokitaka hukisifu hata siku moja. Unakinusa, unakunja uso, unasema kichwa kitupu, mafunza, nani atakula hii. Kila mutu anajua, hakuna anayekasirika. Njo hivyo kazi yetu ilivyo.

Nilianza na kinga yake. Kiti kimepasuka, cheni ina kutu. Kamaldine hakutikisika. Sasa nini! Nikaanza kulaumu mali yangu mwenyewe. Nikamwambia, Kamaldine, angalia vizuri nani anakuja hapa. Mutu wa muguu mmoja, ule mwingine umekufa. Vyuma vyako hatabeba. Benchi yako hatalalia. Nusu ya mutu! Nusu ya mutu alipe nusu ya bei.

Vijana walicheka mpaka wakaweka vyuma chini. Kamaldine naye alicheka, akanipa mukono mbele yao wote. Bei imekatwa nusu. Niligeuka nikiwa na furaha yangu — yeye huyu hapa mulangoni, juu ya mikongojo, jasho linamtoka. Alikuwa amebadilisha roho. Alinifuata ili aje ajaribu.

Aligeuza mikongojo. Nilitembea nyuma yake mpaka nyumbani. Sikuthubutu kumpita.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemwambia yalikuwa maneno ya soko. Anasema anajua. Ni maneno ya soko, na yeye njo samaki.

Jumatatu, 8 Septemba

Amekwenda! Mwenyewe, bila kuambiwa. Alhamdulillahi. Nimepika sombe ya majani ya mihogo na mawese mengi vile anapenda.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilipita pale sale kumchungulia. Anapiga pedali kwa nguvu, shati limelowa. Nikafurahi. Kisha nikaona. Muguu muzima ameufunga kwenye pedali na kamba. Ule mugonjwa ameuweka chini juu ya tofali, haugusi kitu.

Niliingia nikamwuliza, Baba Malaika, hii ni nini? Akajibu kwa sauti ya juu, wote wasikie. Anasema bibi yake alilipia nusu, yeye haibi mali ya watu.

Vijana wanamwita Nusu. Anaitika!

Jumanne, 16 Septemba

Hervé alikuja nyumbani, akakunja lile goti. Halifiki tena pale lilifika siku ile platre ilitoka. Alilishika mara mbili, akaondoka bila kunywa chai. Ule muguu wa kuume, muzima, umekuwa mugumu kama mwichi wa kutwangia.

Nilipiga kelele mpaka jirani yetu Safia akachungulia. Unakausha muguu wako juu ya neno langu moja! Yeye akajibu pole pole kwamba haikuwa neno. Ilikuwa bei, na watu walishuhudia.

Nina hasira naye. Nina hasira na mudomo wangu. Usingizi hakuna.

Jumatano, 17 Septemba

Nilimpelekea Kamaldine ile nusu ingine. Nikamwomba apokee, amwambie bwana yangu kwamba sasa ni bei nzima. Nimeomba kulipa zaidi, mimi Subira! Kina mama wa soko wangesikia, wangesema nina homa.

Amekataa. Anasema mikono ilipeana, akiipandisha watu watasema anakamua bibi ya mugonjwa. Hata bure angemwacha apige pedali, si pesa njo shida. Akanisindikiza mpaka njiani, hakucheka leo. Anasema, Mama Malaika, ulimshushia bei mu sale yangu. Njoo umpandishie palepale.

Alhamisi, 18 Septemba

Niko nje ya sale, kwenye benchi. Naandika kwenye karatasi ya kufungia samaki sababu mikono inataka kazi.

Niliingia wakati wamejaa. Nikasema, huyu ni Yakubu, mutoto wa mzee Bulaimu. Sauti ilitoka vibaya. Maisha yangu yote sijasifu kitu mbele ya muuzaji, sikujua naanzia wapi. Nikasema alibeba na piki mwanamuke wa uchungu wa kuzaa toka Wamaza, matope mpaka magotini, mama na mutoto wako wazima. Kamaldine akazima muziki. Baba Malaika akaacha pedali. Hakunitazama.

Baba Malaika anasema, ongeza.

Nikasema hajawahi kuniinulia mukono. Ongeza. Nikasema siku ile ya ajali aliangusha piki porini ili asigonge watoto wa shule. Ongeza! Sikuwa na kingine. Nikasema nampenda. Mbele ya watoto wa watu, na kilemba changu kichwani, kwa sauti! Sijawahi kumwambia hata tukiwa wawili.

Hakuna aliyecheka. Akainama, akatoa muguu kwenye tofali, akaushika na mikono miwili kama mutu anabeba mutoto, akauweka kwenye pedali. Akasukuma. Pedali ikapanda, ikasimama. Goti limekataa. Akasukuma tena. Niliona sura yake, nikatoka.

Kamaldine amekimbia kumwita Hervé. Ndani muziki bado umezimwa. Nasikia pedali inapanda, inarudi. Inapanda, inarudi. Kila ikirudi anatoa sauti ambayo sijaisikia kwake hata siku ya ajali.

Nataka kuingia nimwambie aache. Nataka kuingia nimwambie asiache.